Mashudu kwa Ng'ombe wa Maziwa



Hapa Migori na Homa Bay ng'ombe wengi wa gredi hula napia na mabua ya mahindi tu. Tumbo linajaa lakini maziwa hayaongezeki, kwa maana protini ni kidogo. Mashudu, yaani makapi ya alizeti au pamba yaliyokamuliwa mafuta, yana protini zaidi ya mara mbili ya napia.

Anza na konzi moja. Ongeza polepole kwa wiki 2 hadi kilo 1 kwa siku: nusu asubuhi, nusu jioni wakati wa kukamua. Maji yawe mengi. Pima maziwa kila siku. Kama nyongeza hailipi bei ya mashudu, punguza.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndama wadogo wasipewe mashudu ya pamba. Yana gosipoli, sumu inayoweza kuwaua. Na mashudu yaliyoshika ukungu usimpe hata ng'ombe mzima. Sumu ya ukungu hupita mpaka kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Atakayeyanywa ni mtoto wako. Basi weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu.

Swali la mkutano: tukinunua pamoja, tuchukue magunia mangapi yatakayokwisha kabla ya kushika ukungu?