Kikapu Kinachoivisha Githeri kwa Makaa Machache

Githeri ni chakula rahisi chenye lishe bora, kwani mahindi na maharagwe yakiliwa pamoja huupa mwili protini kamili. Tatizo ni makaa. Katika nyumba nyingi za Kayole, Dandora na Kaloleni, chumba kimoja ndicho jikoni na ndicho malazi. Jiko la makaa likiwaka humo kwa saa nyingi hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumuua mtu usingizini.

Kikapu cha kupikia hupunguza hatari hiyo. Chukua kikapu kikubwa, kisha ukitandike ndani blanketi kuukuu au vipande vya mitumba, unene wa sentimita 10 kila upande. Shona mto wa kufunikia juu.

Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, umwage maji hayo. Chemsha kwa maji mapya, jiko likiwa nje, kwa dakika 45. Usiharakishe: maharagwe mekundu yasiyotokota kwa angalau dakika 10 yana sumu inayoleta kutapika na kuhara. Funika sufuria, itie kikapuni ingali inatokota, na usiifunue kwa saa nne. Joto lililofungiwa ndilo litakaloivisha.

Kabla ya kupakua, chemsha tena, maana vijidudu huzaana katika chakula vuguvugu. Mabaki yasilale kikapuni.

Na hata usiku wa baridi ya Julai, jiko la makaa lisiingizwe chumbani kuota moto.