Dume la Nguruwe na Jamaa Zake wa Porini Kandokando ya Ziwa

Nguruwe wanaofugwa Kisumu, Siaya, Busia na Homa Bay wana asili ya nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, mnyama asiye wa asili kusini mwa Sahara, na ndiyo maana wanyama wa porini wanaofanana nao katika nchi hizi za ziwa ni jamaa wa mbali tu. Mmoja ni ngiri, mwenye meno yaliyochomoza na kupinda, ambaye huonekana mchana katika Hifadhi ya Taifa ya Ruma kwenye bonde la Lambwe. Mwingine ni nguruwe-pori, ambaye hutoka vichakani usiku na kufukua mihogo na viazi vya wakulima.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu ya homa ya nguruwe ya Afrika, maradhi ya virusi yaliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika maandishi ya daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery ya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa karibu wote walioambukizwa. Ngiri huambukizwa angali mchanga shimoni mwake, akiumwa na kupe laini, yaani kupe asiye na gamba gumu mgongoni, kisha huishi na virusi hivyo bila kuugua, ilhali nguruwe wa kufugwa hupandwa na homa kali, ngozi yake huwiva wekundu au zambarau masikioni na tumboni, na mara nyingi hufa baada ya siku chache. Maradhi hayo yalifika Ureno mwaka 1957, Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, na huko Ulaya nguruwe mwitu nao hufa kwa wingi, kwa kuwa wao na wa kufugwa ni spishi moja.

Hata hivyo, ni makosa kumbebesha ngiri lawama zote. Katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, ambako nguruwe wengi hufungwa kamba msimu wa kupanda na kuachiwa watangetange baada ya mavuno, virusi huweza kuenea kutoka nguruwe hadi nguruwe pasipo ngiri wala kupe, na hapo dume ana nafasi ya pekee. Kumlisha ni gharama, tena madume wengi huhasiwa wakiwa wachanga kwa sababu androstenoni, kemikali iliyo katika mate yao ambayo humfanya jike aliye kwenye joto asimame tuli, huipa pia nyama yao harufu mbaya. Hivyo majirani humtegemea dume mmoja, na mwenyewe hulipwa fedha au mtoto mmoja jike akishazaa, takriban siku 114 tangu kupandwa. Utaratibu huo ni wa ujirani mwema na umewafaa maskini wengi, lakini dume aliyeambukizwa huweza kuhamisha virusi kutoka boma hadi boma, na akiwapanda mabinti zake mwenyewe huzaliwa watoto dhaifu.

Maradhi haya hayana tiba, na virusi vyake hudumu katika nyama kwa wiki nyingi. Kwa hiyo mfugaji akisikia nguruwe wanakufa jirani, amzuie dume wake bandani, achemshe mabaki ya chakula ya hotelini kabla ya kuwalisha, amwite daktari wa mifugo wa kaunti, na asiuze mgonjwa wala mzoga.