Kituo cha Mafuta Kikipata Mwenyewe Mpya, Mkataba Humfunga Nani?

Kazi ya usiku mmoja yatosha kushusha bango la kampuni moja ya mafuta na kupandisha la nyingine. Asubuhi, dereva wa gari la jeshi au la polisi mjini Bujumbura huona rangi mpya tu. Pampu ni zile zile, na aziendeshaye ni yule yule. Hata hivyo, nyuma ya rangi hiyo kuna swali ambalo limewafikisha wengi mahakamani: mkataba uliotiwa sahihi na kampuni ya zamani, je, unamfunga mwenyewe mpya?

Jibu hutegemea namna ya mauzo. Mwaka 2019 kampuni ya Rubis ya Ufaransa iliinunua KenolKobil ya Kenya, iliyokuwa na shughuli hata Burundi. Mauzo ya namna hiyo ni ya hisa: kampuni hubaki ile ile mbele ya sheria, na mikataba yake huendelea. Lakini kampuni ikiuza vituo vyenyewe, mkataba hauna budi kuhamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo ugomvi huzuka. Sheria ya mikataba iliyorithiwa na Burundi, yenye asili katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, husema kwamba makubaliano halali ni sheria kwa waliokubaliana. Mgeni hafungwi nayo hivi hivi.

Mfano ujulikanao sana ni wa Marekani. Mwaka 1998 Shell iliihamishia kampuni mpya, Motiva, mikataba yake na waendeshaji wa vituo katika baadhi ya majimbo. Shell ilikuwa ikiwapunguzia kodi ya pango kwa kadiri ya mafuta waliyouza; Motiva ikaifuta nafuu hiyo kuanzia mwaka 2000. Waendeshaji wa jimbo la Massachusetts wakashtaki, wakitegemea sheria ya mwaka 1978 iliyowakinga dhidi ya kufukuzwa vituoni bila sababu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba aliyeendelea kuuza mafuta chini ya bango lile lile hawezi kudai kwa sheria hiyo kuwa mkataba wake ulikatishwa. Haikusema kwamba ahadi zaweza kuvunjwa ovyo. Madai ya kuvunjwa mkataba yana njia yake nyingine.

Mwendeshaji naye ana mipaka. Uwakala hutolewa kwa kumwamini mtu fulani; kwa kawaida hawezi kumuuzia mwingine bila idhini ya kampuni. Anayenunua kituo kwa siri hujikuta na pampu zisizoletewa mafuta.

Askari wana sehemu yao katika jambo hili. Huenda wakaitwa kituoni na mtu anayedai kwamba mwenzake si mwendeshaji tena. Barua ya kampuni si hukumu, wala hati ya mauzo si amri ya kumtoa mtu. Kazi ya askari ni kulinda amani penye petroli nyingi, na kumsaidia afisa wa mahakama anapofika na hukumu halali. Kuamua ni nani mwenye haki ni kazi ya hakimu.

Bango hubadilishwa kwa usiku mmoja. Haki ya mtu haibadilishwi hivyo.