Jina na Idadi: Usomaji wa Sehemu katika Ufundishaji wa Hisabati kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini Tanzania mwaka 1967, mjadala kuhusu lugha ya hisabati umeelekea zaidi kwenye istilahi: neno gani liteuliwe, na kwa vigezo gani. Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni namna alama za hisabati zinavyosomwa kwa sauti. Makala haya yanachunguza usomaji wa sehemu na namba mchanganyiko. Yanadai kwamba Kiswahili kina njia mbili za kutaja sehemu, kwamba njia hizo hazilingani kimaana, na kwamba baadhi ya makosa yanayohesabiwa kuwa ya hisabati yana chanzo chake katika uteuzi wa njia moja badala ya nyingine.

2.0 Njia mbili za kutaja sehemu

Tuchukue sehemu 3/4. Sokoni na jikoni husemwa robo tatu. Darasani, pindi alama inapoandikwa ubaoni, aghalabu husikika tatu ya nne, tatu kwa nne au tatu juu ya nne. Kwa mtazamo wa haraka tofauti ni ya mtindo tu. Kisarufi, hata hivyo, ni tofauti ya muundo. Katika robo tatu, neno robo ni nomino na tatu ni kivumishi cha idadi, sawasawa na nyumba tatu au ndizi tatu. Asili ya sehemu imegeuka kuwa jina la kitu, na kiasi kimebaki kuwa idadi ya vitu hivyo. Katika tatu kwa nne hakuna kitu kinachohesabiwa. Kuna namba mbili zilizounganishwa, na msikilizaji anaachwa aamue mwenyewe uhusiano wake.

Majina ya kundi la kwanza ni machache na karibu yote yana asili ya Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Yaliyo hai katika matumizi ya kila siku ni nusu na robo. Theluthi imesalimika kwa msaada wa siasa: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina masharti ya theluthi mbili kuhusu jinsia, na Bunge la Tanzania huhitaji theluthi mbili ya wabunge ili kubadili Katiba. Thumuni lilipata maisha mengine kwa kuitwa sarafu ya senti hamsini, ambayo kwa kweli ni nusu ya shilingi, si sehemu yake ya nane. Ushuri ni ndugu wa neno ushuru, ingawa mlipaji wa forodha leo hana haja ya kukumbuka kwamba neno hilo limetokana na sehemu ya kumi.

Vipimo vya kale vya nafaka vilikwenda mbali zaidi, kwani vilizipa sehemu majina yasiyo ya namba kabisa. Kibaba ni robo ya pishi, na kisaga ni nusu yake. Aliyepima kisaga na kibaba alikuwa amejumlisha 1/2 na 1/4 bila kuandika chochote, kwa sababu alijua kwamba kisaga ni vibaba viwili.

3.0 Matendo ya hesabu

Kosa linalojulikana na kila mwalimu ni la kujumlisha 1/2 na 1/3 na kupata 2/5, yaani kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mwanafunzi aliyesikia moja ya mbili na moja ya tatu amepewa namba nne. Si ajabu akizijumlisha zote. Lakini aliyesikia nusu na theluthi amepewa vitu viwili vyenye majina tofauti, na hakuna anayejumlisha kuku wawili na mbuzi mmoja akasema ana kuku watatu. Analazimika kutafuta jina moja litakalobeba vyote viwili. Jina hilo ni sudusi: nusu ni sudusi tatu, theluthi ni sudusi mbili, jumla ni sudusi tano. Kigawe kidogo cha shirika, ambacho mara nyingi hukaririwa kama kanuni, hapa hakifanyi kazi nyingine ila kutafuta jina la pamoja. Isitoshe, jibu la 2/5 ni humusi mbili, na humusi mbili hazifikii hata hiyo nusu tuliyoanza nayo.

Namba mchanganyiko zinaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Maandishi ya 2½ hayana alama yoyote kati ya namba nzima na sehemu, ilhali katika aljebra kukaa pamoja namna hiyo humaanisha kuzidisha. Usemi hauruhusu utata huo: mbili na nusu, ambapo na ni alama ya kujumlisha. Anayezidisha 2½ kwa 1½ akapata 2¼ amezidisha namba nzima peke yake na sehemu peke yake. Akiitii ile na, ataona kwamba mbili na nusu ichukuliwe mara moja, kisha nusu ya mbili na nusu iongezwe juu yake: 2½ na 1¼, jumla 3¾. Jibu lenyewe Kiswahili kinaweza kulitaja kwa kutoa, nne kasoro robo, kama tunavyosoma saa.

Katika kutoa 1¾ kutoka 3¼, robo moja haitoshi kutolewa robo tatu. Nzima moja huvunjwa kuwa robo nne, na tatu na robo huwa mbili na robo tano. Baki ni moja na robo mbili, yaani moja na nusu. Kugawanya nako hueleweka kwa swali la kawaida: robo tatu zina thumuni ngapi? Kila robo ina mbili, basi ni sita. Kanuni ya kupindua sehemu ya pili na kuzidisha inaweza kufuata baadaye, ikiwa na sababu yake.

Hoja hii si ya Kiswahili peke yake. Miura na wenzake (1999) waliwalinganisha watoto wa Korea, Kroatia na Marekani, wakaona kwamba watoto wa Korea, ambao lugha yao hutaja kwanza idadi ya mafungu ya kitu kizima, walizihusisha sehemu na michoro mapema zaidi. Paik na Mix (2003) walitia shaka tafsiri hiyo, lakini wao pia waliona kwamba watoto wa Marekani walifanya vyema walipopewa majina yanayotaja mafungu waziwazi. Kwa hiyo jina linaweza kurekebishwa na mwalimu. Halihitaji kusubiri lugha ibadilike.

4.0 Mirathi

Uwanja ambamo majina haya yalitumika kwa ukamilifu zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki ni elimu ya mirathi ya Kiislamu. Mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni sita: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Mtu akifa akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumuni na mama sudusi. Wanazuoni hutafuta kwanza asili ya mas-ala, ambayo hapa ni 24: mke ana 3, mama 4, na 17 zinazobaki ni za mtoto. Asili hiyo ndiyo asili ya pamoja ya sehemu, na kulingana kwa istilahi ya chuoni na ile ya shuleni kunastahili kuzingatiwa na wanaoshughulikia historia ya istilahi.

Mwanamke akiacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume anastahili nusu na dada theluthi mbili. Sudusi tatu na sudusi nne ni sudusi saba, na mali ina sudusi sita tu. Fikihi hutatua tatizo hilo kwa auli, yaani kuipandisha asili kutoka 6 hadi 7, na kila fungu hupungua kwa uwiano mmoja. Nusu ya mume imekuwa subui tatu. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba kiasi kinaweza kuzidi asili, na kwamba kuzidi huko kuna gharama kwa watu halisi.

5.0 Mipaka

Majina haya hukoma kwenye ushuri. Kwa 5/12 hakuna nomino, na kufufua humusi na tusui kwa watoto wa darasa la tatu kungeongeza mzigo wa msamiati mahali pa kuupunguza. Kuna pia utata wa kisarufi: sehemu ya tatu ni 1/3, lakini ni pia fungu linalofuata la pili, kama katika sehemu ya tatu ya kitabu. Vivyo hivyo robo ya tatu ya mwaka si robo tatu za mwaka, ingawa kinachozitenganisha ni kiunganishi kimoja tu. Hata hivyo, upatanisho wa ngeli unatoa njia. Usomaji wa sehemu tano za kumi na mbili unaonyesha kwa za kwamba vinavyohesabiwa ni vitano, na jina lao ni la-kumi-na-mbili. Tano ya kumi na mbili hauonyeshi hivyo. Kwa 1/12 neno moja lisiachwe: sehemu moja ya kumi na mbili, kwani likiondolewa kinachobaki ni nafasi katika mfuatano.