Mtoto wa Miaka Miwili Hahitaji Mombasa

Desemba ikikaribia, swali ni lile lile Nyeri, Karatina na Nanyuki: watoto tuwapeleke wapi? Simu zimejaa picha za mitelezo ya maji kule Wild Waters, Nyali, na jirani aliyetoka Nairobi hachoki kusimulia gurudumu kubwa la Two Rivers. Mwenye watoto wa shule ana haki ya kutamani. Mwenye mtoto wa daipa apige hesabu kwanza.

Tuchukue familia moja ya mjini Nyeri: baba, mama, mtoto wa miaka 4 na mdogo wa mwaka 1. Wana gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja ya petroli. Lita tuiweke shilingi 185. EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, hutangaza bei mpya kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hivyo rekebisha hesabu kabla hujatoka.

Mombasa

Kutoka Nyeri hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Kwenda na kurudi ni lita 100 na zaidi, yaani shilingi 18,500 na ushee kabla hamjanunua hata soda. Treni ya SGR ni nafuu: tangu Januari 2024 tiketi ya daraja la kawaida kutoka Nairobi imekuwa shilingi 1,500, mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na wa chini ya miaka 3 hupakatwa bure. Familia yetu italipa 3,750 kwenda na 3,750 kurudi. Lakini treni haianzii Nyeri. Ongeza matatu hadi Nairobi, teksi hadi Syokimau, na teksi nyingine kutoka Miritini hadi Nyali, mama akiwa na mtoto mgongoni na baba akiburura mabegi. Ongeza pia malazi, maana safari hii hailaliwi usiku mmoja.

Kuna gharama nyingine ambayo watu wa mlimani huisahau. Nyeri haina malaria ya kutisha, Pwani inayo. Mtoto aliyekulia kwenye baridi hana kinga, kwa hivyo chandarua ni lazima, na ni vyema kumwona daktari kabla ya safari. Na akishafika, huyo wa mwaka 1 atacheza kwenye kidimbwi cha maji ya kumfika magotini. Mitelezo mirefu, ambayo ndiyo iliyowatoa nyumbani, si yake.

Nairobi

Kutoka Nyeri hadi hapa ni kama kilomita 150. Kwenda na kurudi ni lita 25, shilingi 4,625. Unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni, ingawa mkikwama kwenye foleni ya barabara ya Thika na mtoto anayelia, mtatamani mngelala.

Jambo la kuulizia Nairobi ni kimo. Kwenye michezo ya mashine pana ubao wa kupimia, na mtoto asiyeufikia harudishiwi machozi yake. Utamwona wa miaka 4 amesimama kwa ncha za vidole, mhudumu akimwambia kwa upole ashushe visigino, na baba pembeni akitazama tiketi ambayo ameshailipia. Piga simu uliza: mchezo upi unamruhusu wa urefu huu? Je, tunalipia mlangoni au kila mchezo peke yake? Kwa mdogo, malipo ya kila mchezo ni bora, kwa sababu atapanda miwili alale. Hata Disneyland ya Marekani haimtozi kiingilio mtoto wa chini ya miaka 3. Wenye biashara yenyewe wanajua hatumii mengi.

Nanyuki na jirani zake

Nyeri hadi Nanyuki ni kilomita 60 hivi. Lita 10, shilingi 1,850, na kabla usingizi wa mchana haujampata mtoto mmeshafika. Mkienda kwa matatu, mdogo atapakatwa bila nauli. Wa miaka 4 akidai kiti chake, kilipieni.

Kwa watoto wadogo kama hawa, chaguo la kwanza ni makao ya wanyama yatima karibu na Mount Kenya Safari Club. Mtoto hutembea kwa miguu yake na kuona wanyama kwa karibu. Kobe mkubwa huenda taratibu kiasi kwamba hata mtoto aliyeanza kutembea juzi humpita, akageuka kumngoja. Hapo hakuna ubao wa kimo.

Hifadhi ya Ol Pejeta ina faru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, Najin na Fatu. Ni fahari ya kuona, ila ni saa kadhaa ndani ya gari, na wa mwaka 1 hajui tofauti ya faru na ng'ombe wa shosho. Mngojeni afike miaka 5. Thomson's Falls ya Nyahururu ni mita 74 za maji yanayonguruma; itazameni kutoka juu, msishuke zile ngazi na mtoto mkononi. Hoteli za msituni za Aberdare, ambako wanyama hutazamwa usiku kwa ukimya, kwa kawaida huweka umri wa chini. Ulizeni kabla ya kulipa.

Bango la ikweta halina kiingilio. Vijana wa pale watawaonyesha maji yakizunguka kwenye karai, kisha watatarajia kitu kidogo.

Kabla ya kutuma M-Pesa

Beba kitambulisho na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu bei ya mwananchi hutolewa kwa anayethibitisha. Ada za mbuga za KWS hulipwa kupitia eCitizen, na yaya mkienda naye huhesabiwa mtu mzima. Hoteli ikijisifu kwa bwawa, uliza kama maji hupashwa moto. Bwawa la baridi mlimani ni la kupigia picha. Tena, mtoto asiyeanza shule hafungwi na likizo. Mpeleke Jumanne ya Februari, mvua zikiwa hazijaanza na hoteli zikitafuta wageni, badala ya kugombania chumba wiki ya Krismasi.

Uamuzi wangu ni huu: chini ya miaka 4, Nanyuki kwa siku moja. Kuanzia 4 hadi 6, Nairobi, baada ya kumpima kimo nyumbani ukutani. Mombasa ingojee hadi yule mdogo aweze kuteleza mwenyewe na kukumbuka alikoenda. Hizo 18,500 za petroli ziwekeni kwenye akiba hadi wakati huo.