Tone la Damu Kabla ya Kisu

Mtu akipelekwa kupasuliwa katika hospitali ya Matanda au ya Kitatumba, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, au katika Hospitali Kuu ya Beni, jamaa huuliza nani atapasua na itagharimu pesa ngapi. Ningependa waulize pia: glisemia yake, yaani sukari iliyo katika damu, iko ngapi?

Sukari ikizidi katika damu, chembe nyeupe hulegea. Huchelewa kufika kwenye jeraha, na zikifika hushindwa kumeza vijidudu. Ndipo mshono huanza kutoa usaha. Tena upasuaji wenyewe hupandisha sukari, maana mwili ulioshtuka hutoa homoni zinazopinga insulini. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba sukari idhibitiwe wakati wa upasuaji kwa watu wazima wote, wenye kisukari na wasio nacho. Mwaka uliofuata, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikataja kikomo: isifike miligramu 200 kwa desilita.

Na wengi wana kisukari bila kujua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari hawajagunduliwa. Mkulima anayeletwa usiku, ngiri imejibana, atajuaje? Tone la damu ya kidole hutoa jibu kabla dakika haijaisha. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, tulipimwa joto kwenye kila kizuizi cha barabara ya Beni, tukazoea. Kipimo cha sukari mlangoni mwa chumba cha upasuaji hakistahili kuwa kigeni zaidi ya kile cha joto.

Vita vya huku kwetu navyo vinaharibu matibabu. Anayekimbia kijiji upande wa Oicha huacha dawa nyumbani, na insulini ya akiba huhitaji baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Akifika kwenye kisu, sukari imeshapanda wiki nzima.

Lakini ninalolihofia zaidi ni chakula. Kwetu mgonjwa hulishwa na ndugu zake, na kwa mapenzi humletea chai tamu na soda ya kurudisha nguvu, siku zile zile mshono unapotaka sukari itulie. Hatari ya pili ni kinyume chake: insulini imeshadungwa, na mama mwenye sahani bado yuko njiani. Sukari inashuka, mgonjwa anatetemeka, jasho linamtoka, anaweza kupoteza fahamu ndani ya muda mfupi. Muuguzi aulize kwanza kama chakula kimefika, ndipo achome sindano.