Fahamu: Unahamia Kasese? Kabla ya kununua nyumba inayouzwa na benki

Bei huwa nafuu, lakini chunguza kwanza. Chini ya Sheria ya Rehani ya Uganda ya 2009, mdaiwa aliyeweka nyumba hiyo rehani hupewa siku 45 za kazi kulipa malimbikizo, kisha notisi ya siku 21 za kazi kabla ya mauzo. Anaweza pia kwenda mahakamani. Mnada ukisimamishwa, nawe umeshafunga mizigo, utalazimika kupanga nyumba nyingine.

Hakiki hati kwenye ofisi ya ardhi, na uhakikishe mwenzi wa mdaiwa aliridhia rehani ya nyumba ya familia. Fika mwenyewe: nani anaishi humo? Mto Nyamwamba, uliofurika 2013 na 2020, uko umbali gani? Usilipe kabla ya majibu.